Kompyuta Iliyoganda Mezani kwa Bi Wangui

Hali ilikuwa hivi kabla ya jambo lolote kutokea. Ofisi yetu, ofisi ya umma mjini Nyeri ambayo sitaitaja kwa jina, ilikuwa na karakana ya kompyuta katika chumba cha chini, upande usiopata jua, na wafanyakazi wengine wote walikuwa ghorofani. Kati ya karakana na wafanyakazi palikuwa na ngazi, na ngazi hizo, kwa maoni yangu, ndizo zilizoiharibu taaluma yetu. Mafundi hawakupenda kuzipanda. Kompyuta ilipoharibika, mwenye nayo aliagizwa kwa simu ailete CPU peke yake, yaani lile kasha lenye mitambo, na kuacha mezani skrini, printa na kila kilichochomekwa nyuma yake. Kasha lilishuka, likafutwa lote, likajazwa programu upya, likapanda. Huo ndio uliokuwa utaratibu. Hakuna aliyeuita uvivu kwa sababu ulikuwa umebandikwa ukutani na kupigwa muhuri.

Ghorofani, katika chumba cha pembeni, aliketi Bi Wangui, mchapaji wa kumbukumbu za mikutano, ambaye haoni tangu utotoni. Kompyuta yake ilikuwa na programu inayomsomea skrini kwa sauti masikioni, na mbele ya kibodi ulilala ubao wa nukta nundu, kifaa chembamba mfano wa rula nene, ambacho vijipini vyake hupanda na kushuka ili vidole visome kilichoandikwa. Hapo awali alikuwa ameketi miaka mingi kwenye simu za mapokezi, kwa kuwa katika ofisi zetu ipo desturi, isiyoandikwa popote na inayofuatwa kila mahali, kwamba asiyeona huwekwa kwenye simu. Alisoma jioni, akafanya mtihani, akaomba nafasi ya uchapaji, akaipata. Naandika haya kwa sababu kompyuta yake, iliyoanza kuganda kila ilipowashwa, ilikaribia kumrudisha kwenye simu, na kwa sababu walioshika upande wa kumrudisha walikuwa watu wa fani yangu.

Nimestaafu majuzi na ninaishi Skuta, pembezoni mwa Nyeri, ambako nina muda wa kutosha wa kukasirika kwa utaratibu. Vyeo nilivyopewa na mshahara nilioupokea havina la kumfundisha mtu. Ninawaandikia ninyi mnaokaa sasa katika ile karakana, na nitaanza mwanzo.

Niliingia katika kazi hii kwa njia ya kuzunguka. Nilikuwa nimesoma seminari, Kilatini na mantiki, na nilipotoka huko niliweza kuchambua hoja yoyote isipokuwa ile ya jinsi ya kujilisha. Aliyenipokea alikuwa Mzee Gachanja, fundi wa mashine za kupiga chapa aliyehamia kompyuta akiwa tayari na mvi. Siku ya kwanza hakunipa bisibisi. Alinipa kiti, akaniketisha kando ya karani mmoja na kuniagiza nimtazame akifanya kazi mpaka saa ya chakula. Nilidhani ananidharau. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa amenikabidhi kifaa cha kwanza cha kazi, na kwamba vingine vyote ni vya ziada.

Vyake mwenyewe vilikuwa vichache: brashi ya rangi iliyokatwa fupi ya kupangusia vumbi, tochi, kioo kidogo cha kunyolea ndevu cha kutazamia nyuma ya kasha bila kulisogeza, na mfuko wa bahasha. Kila bahasha ilikuwa na diski ya draiva za kifaa kimoja tu, na juu yake pameandikwa jina la kifaa hicho na la mwenyewe. Draiva, kwa wale watakaosoma haya bila kuwa mafundi, ni programu ndogo inayoifundisha kompyuta namna ya kuzungumza na kifaa fulani. Printa ina yake, kadi ya sauti ina yake, modemu ina yake. Kompyuta inapowaka huziita zote zishike kazi. Ikitokea draiva mbili zikadai kifaa kimoja, au vifaa viwili vikadai njia moja ya kupitia, kompyuta husubiri jibu ambalo halitakuja. Skrini husimama, kipanya hakisogei, feni inaendelea kuzunguka. Hapo watu husema imeganda.

Kesi yangu ngumu ya kwanza ilikuwa Naro Moru, katika hoteli ndogo ya wapanda mlima ambayo kompyuta yake ilikuwa ikiganda kila asubuhi. Mwenye hoteli alikuwa ameshaamua kwamba sababu ni baridi ya mlima, na akalifunika kasha kwa blanketi. Tulipofika, blanketi lilikuwa limekunjwa vizuri pembeni na kasha lina joto la mkate. Mzee Gachanja hakucheka. Alimwomba mwenyewe aiwashe kama anavyoiwasha siku zote, akaitazama ikiganda, akauliza ni kitu gani kilichoongezwa karibuni. Ilikuwa modemu, na modemu ile ilikuwa imepangiwa njia ileile inayotumiwa na kipanya. Akaihamishia njia nyingine. Tulipokuwa tukirudi aliniambia kwamba chifu akiita jina katika baraza na watu wawili wakasimama, hakuna haja ya kuwafukuza watu wote uwanjani. Unawauliza wale wawili.

Mzee Gachanja alistaafu, akafariki kwao Murang'a, na nyuma yake ikaja flashi. Sina ugomvi na flashi kwa kuwa ni flashi. Ugomvi wangu ni na ile moja iliyoning'inia shingoni mwa kila fundi, iliyojazwa draiva za kila kifaa kilichowahi kutengenezwa duniani, zilizokusanywa na watu wasiojulikana na kunakiliwa kutoka duka hadi duka. Ukiichomeka inamimina zote kwa pamoja, zinazohitajika na zisizohitajika, na fundi anakwenda kunywa chai. Nilipinga vikaoni. Nikaambiwa kwamba zama za bahasha zimekwisha. Vijana wa karakana waliniita Guka, yaani babu kwa Kigikuyu, na walilitamka kwa upendo wa kutosha kunifanya nishindwe kulalamika.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Ofisi iliamua kwamba kompyuta zote zifutwe na kujazwa upya kwa sababu zilikuwa zimekuwa nzito. Kompyuta ya Bi Wangui haikuwa nzito, na alisema hivyo. Ilishushwa pamoja na nyingine, kasha tu bila vifaa vyake, kama kawaida. Ikarudi bila programu ya kumsomea, na bila orodha ya vifupisho vyake vya uchapaji alivyovijenga kwa miaka. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kama kuna kitu cha kuhifadhi. Fundi aliyeifuta alikuwa Muriuki, mkuu wa karakana, kijana mwenye mikono myepesi na masikio mazito. Alimrudishia programu ya kusoma, akachomeka waya, akaondoka kabla kompyuta haijazimwa na kuwashwa tena. Kesho yake asubuhi iliganda.

Ilishushwa. Karakanani ikawaka bila tatizo. Ikapandishwa, ikaganda. Ikashushwa tena, ikafutwa tena, ikajazwa kwa flashi ileile, ikawaka vizuri palepale chini mbele ya mashahidi, ikapandishwa, ikaganda. Wiki zilipita hivyo. Kumbukumbu za mikutano zilianza kuchelewa, na wajumbe wakauliza kulikoni. Muriuki akaandika ripoti. Nimeisoma ripoti hiyo, na sentensi yake ya mwisho ninaikumbuka kwa sababu sikupata usingizi mzuri baada ya kuisoma: mashine ni nzima, mtumiaji hana uwezo wa kuitumia kutokana na hali yake. Afisa utawala, ambaye hakuwahi kuigusa mashine hiyo, akaandaa barua ya kumhamishia Bi Wangui mapokezi, kwenye simu, kuanzia Jumatatu.

Mimi wakati huo nilikuwa nimebakiza miezi michache, na nilikuwa nimewekwa kwenye mambo ya mafunzo, mahali ambapo ofisi huwahifadhi wanaokaribia kuondoka. Habari niliipata kwa wapika chai. Nikashuka karakanani kumuuliza Muriuki.

"Guka, hiyo CPU iko sawa kabisa," alisema bila kuinua macho. "Hapa inawaka kama stima."

"Na kule mezani?"

"Kule ni kule. Ati mashine inajua iko ofisi gani?"

Wenzake wakacheka. Nilimwambia kwamba hilo ndilo swali la maana zaidi lililoulizwa katika chumba kile kwa muda mrefu, na kwamba alipaswa kulijibu badala ya kulichekea. Akasema nipande nikajibu mwenyewe, kwa kuwa nina muda.

Nilipanda. Bi Wangui alikuwa ameketi mbele ya skrini iliyokufa, mikono magotini, koti zito mabegani, kwa kuwa ilikuwa Julai na ukungu ulikuwa umelala mjini tangu alfajiri. Nilijitambulisha, ingawa alikuwa ameshanijua kwa kikohozi.

"Mzee, hao watu wako hawaji kuangalia kompyuta," aliniambia. "Wanakuja kuangalia macho yangu. Kuna mmoja alinipungia mkono usoni kuhakikisha. Nikamwambia asante, kulikuwa na joto."

Sikujua kama nicheke. Yeye hakucheka. Alinieleza kuhusu barua, kwa sauti ya mtu anayesoma kumbukumbu za kikao cha jana, kisha akasema jambo ambalo sitalisahau.

"Kwa simu nilikaa nikisema subiri nikuunganishe, subiri nikuunganishe. Nimeunganisha watu wa Nyeri hii yote na mimi nikabaki nimekaa tu. Sirudi. Wakinirudisha, naenda nyumbani."

Nikavuta kiti kando yake. Nikamwomba afanye kila kitu kama anavyofanya kila asubuhi, bila kuruka lolote kwa ajili yangu. Kwanza alipapasa nyuma ya kasha na kuhakikisha kwamba ubao wa nukta nundu umechomekwa. Akaweka vidole juu yake, tayari. Kisha akabonyeza swichi. Jina la mtengenezaji likatokea kwenye skrini, vidoa vya mwanga vikaanza kuzunguka, vikasimama. Nilikuwa sijafungua mdomo aliposema, "Hapo. Diski imenyamaza."

Hayo yote yalichukua muda mfupi kuliko kushusha kasha ngazi moja. Nataka mtafakari hilo. Katika wiki zote hizo, hakuna fundi aliyekuwa ameketi hapo nilipoketi mimi. Wangeketi, wangeona kile nilichokiona: kwamba mashine iliyowaka karakanani na mashine iliyoganda mezani hazikuwa mashine moja. Ile ya mezani ilikuwa na vifaa, na ile ya karakanani ilikuwa kasha tupu.

Nilizima. Nikachomoa kila kitu isipokuwa skrini na kibodi, nikawasha, ikawaka. Nikazima, nikarudisha printa, ikawaka. Nikarudisha pedali ya mguu anayoitumia kusimamisha sauti za vikao anapochapa, ikawaka. Nikarudisha ubao wa nukta nundu, ikaganda.

Hapa ndipo fundi wa haraka angesimama na kutangaza kwamba ubao ni mbovu. Afisa utawala angefurahi mno, kwa sababu ubao ni kifaa cha asiyeona, na hoja yake ingekuwa imethibitishwa na mtaalamu. Ndiyo maana nawasihi msisimame hapo. Kujua kwamba mashine inaganda kifaa fulani kikiwepo si kujua kwamba kifaa hicho ndicho chenye kosa. Niliuacha ubao umechomekwa, nikaiwasha kompyuta katika hali salama, ile ambayo huita draiva za msingi tu na kuziacha nyingine zimelala. Ikawaka. Kwa hiyo waya ulikuwa mzima na ubao ulikuwa mzima, na kosa lilikuwa katika mojawapo ya draiva zilizoachwa zimelala.

Katika hali salama kompyuta ile haikuwa na sauti, kwa hiyo nilimsomea Bi Wangui kila nilichokiona, mstari kwa mstari, kwa kuwa mashine ilikuwa yake na si haki mtu apasuliwe bila kuambiwa kinachokatwa. Kwenye orodha ya draiva nilikuta mbili zinazodai aina moja ya kifaa. Moja ilikuja na ubao. Nyingine ilitoka kwenye flashi ya Muriuki, na ilikuwa ya mizani ya dukani, kifaa ambacho ofisi yetu haijawahi kuwa nacho na haina sababu ya kuwa nacho. Ubao na mizani hiyo hutumia chipu za jamii moja kuzungumza na kompyuta. Kila asubuhi mashine iliita, draiva zote mbili zikajibu, na hakuna iliyokubali kuketi. Na kila mafundi walipoifuta na kuijaza upya, waliirudisha ile draiva ya mizani kwa mikono yao wenyewe, wakashangaa kwamba ugonjwa haujapona.

Niliiondoa draiva ya mizani, nikazuia kompyuta isijirudishie, nikazima, nikawasha. Vidoa vikazunguka, vikapita. Nilivisikia vijipini vya ubao vikiinuka, mlio mdogo kama wa mchele ukimiminwa kwenye sufuria, na vidole vya Bi Wangui vikaanza kusogea kutoka kushoto kwenda kulia.

Kisha nikairudisha ile draiva mbovu na kuizima kompyuta.

"Mzee," alisema, na mkono wake ukanishika kwenye kifundo cha mkono kwa nguvu nisiyoitarajia. "Imekubali, na wewe unairudishia ugonjwa?"

Nilimweleza kwamba tukiiacha hivi watasema ilikuwa bahati, au kwamba ilipona yenyewe, na Jumatatu ikifika barua itabaki barua. Lazima igande mbele ya watu na iwake mbele ya watu, kwa sababu inayojulikana. Aliuachia mkono wangu polepole. Akasema basi waitwe sasa hivi, kabla hajapata ujasiri wa kunifukuza.

Nilimwita afisa utawala, na nikampigia Muriuki simu apande. Alipanda, na akapumua sana alipofika juu. Nikawaonyesha. Draiva ya mizani ikiwepo, kompyuta iliganda. Ilipoondolewa, iliwaka. Nikamwomba Muriuki aiondoe na kuirudisha yeye mwenyewe, ili isiwe mkono wangu. Matokeo yalikuwa yaleyale. Nitamtendea haki: hakubisha. Alisimama akiitazama flashi iliyokuwa shingoni mwake kama mtu aliyeambiwa kwamba saa yake imekuwa ikikosea, kisha akamwomba Bi Wangui msamaha, kwa sauti ya chini, kwa Kigikuyu.

Afisa utawala hakuomba. Alisema kwamba ni vizuri mashine imepona, na kwamba yeye hakuwa na ubaya wowote. "Lakini Mzee, tuseme ukweli. Hii kazi ni ya macho. Kwa simu huyu mama angekuwa salama."

Nilikuwa nimevuta pumzi kumjibu. Bi Wangui alinitangulia.

"Salama na nini, mkubwa?" aliuliza. "Na hiyo ripoti mtaiandika upya lini? Hiyo inasema mimi siwezi. Leo mmeona ni nani hakuweza."

 Afisa akasema kwamba ripoti ni jambo lililopita, mashine inafanya kazi, na hakuna haja ya kufufua mambo. Nikamwambia kwamba daktari akimpasua mgonjwa mguu usio na kosa hatusemi ni jambo lililopita kwa sababu mgonjwa bado anatembea. Niliandika maelezo yangu siku hiyohiyo, pamoja na majina ya draiva zote mbili na hatua zote kwa mpangilio wake, ili mtu yeyote mwenye mashaka aweze kuzirudia, na nikaomba kwa maandishi kwamba sentensi ile ya mwisho iondolewe. Sikujibiwa. Niliomba tena kabla ya kustaafu. Nikajibiwa kwamba suala limefungwa.

Hasira yangu si ya draiva. Draiva mbili zikigombana hazina dhamira yoyote, na ugomvi wake humalizwa na mtu mmoja mwenye subira kabla ya chai ya saa nne. Hasira yangu ni kwamba tulipokosa jibu, tulilitafuta katika mwili wa mtu. Fundi asiyejua sababu ana neno la heshima la kusema, nalo ni sijui. Halimwaibishi, na halimhamishi mtu kutoka mezani kwake. Sisi tuliona ni afadhali tuandike kwamba mwanamke mwenye cheti na kazi yake hawezi, kuliko kupanda ngazi.

Barua ya uhamisho ilibatilishwa kabla ya Jumatatu. Muriuki aliubandua ule utaratibu ukutani, na mafundi sasa hupanda. Sentensi ile bado imo katika faili. Bi Wangui bado anachapa kumbukumbu za mikutano, na mwezi uliopita aliandika kwa mara ya tatu kudai iondolewe.